Nani analazimika kuja uwanjani Jumanne asubuhi?

Ukitaka kujua hali ya uwanja mkongwe wa katikati ya mji nchini Marekani, yaani ule mraba wenye mahakama katikati na maduka pande zote, usianze kwa kuhesabu maduka. Maduka hudanganya. Uwanja unaweza kuwa na mikahawa mipya, duka la mishumaa, jumba la sanaa na taa za mapambo kwenye kila mti, na bado ukawa unaishi kwa kudra. Mimi huuliza swali moja tu: Jumanne saa nne asubuhi, hakuna tamasha wala sikukuu, nani amelazimika kufika hapa? Nasema amelazimika, kwa sababu aliyekuja kwa kupenda, wiki ijayo atapenda kwenda kwingine.

Viwanja hivi vilizaliwa kutokana na kulazimika huko. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila moja ina mji wake mkuu, yaani mji wenye mahakama, daftari la ardhi na ofisi ya kodi. Katika majimbo ya Kusini na ya katikati ya nchi, mara nyingi mji wenyewe ulichorwa kuizunguka mahakama. Mwaka 1968 mtaalamu wa jiografia Edward Price alichapisha uchambuzi wa ramani za miji ya aina hii, akaupa mchoro uliozoeleka kuliko yote jina la Shelbyville, mji wa Tennessee uliopimwa mwaka 1810. Mchoro wenyewe ni rahisi: unaacha kiwanja kimoja kitupu katikati, unajenga mahakama humo, unaizungushia barabara nne, kisha unauza viwanja vya kujenga vinavyoitazama. Upo pia mchoro wa Lancaster, ambao barabara zinagonga uwanja katikati ya pande zake badala ya kwenye pembe, lakini huo tuwaachie wapenda ramani.

Mahakama ikatangulia, biashara zikafuata. Mjini Canton, Texas, soko maarufu la Jumatatu ya kwanza ya mwezi lilianza katika karne ya 19 kwa sababu jaji wa mzunguko alikuwa akifika siku hiyo kusikiliza kesi. Wakulima waliokuja kwa shauri la mpaka wa shamba au la deni waliona heri waje na farasi wa kuuza au kubadilishana. Hakuna kamati iliyoketi kupanga soko. Watu walikuwa wameshafika, tena wengine kwa amri.

Mpangilio wa kile kilichozunguka mahakama una mantiki hiyo hiyo. Wakili alikodi chumba cha juu mkabala na mahakama ili avuke barabara kwa miguu akiwa na majalada kwapani. Benki ilichukua pembe, mlango wake ukikatwa kimshazari ili uonekane kutoka barabara mbili. Hoteli ililaza mashahidi na mawakala wa biashara waliofika kwa treni. Gazeti la kaunti lilikuwa hapo hapo, kwa kuwa sheria zilitaka minada ya mali za wadaiwa na mirathi itangazwe kwa maandishi, na matangazo hayo yalikuwa yanalipiwa. Duka la dawa, la vifaa vya ujenzi, la vitambaa, kinyozi: wote hao waliishi kwa mtu aliyekuja kulipa kodi ya ardhi, kisha akakumbuka kwamba nyumbani misumari imekwisha.

Majengo nayo yana habari zake. Kiwanja cha kawaida cha duka kilikuwa na upana wa futi 20 hadi 25 tu, lakini kikienda nyuma futi 80, 100 au zaidi. Jengo na jengo yalishirikiana ukuta wa matofali, kwa hiyo madirisha yalikuwa mbele na nyuma peke yake. Tatizo la kwanza la mwenye duka lilikuwa mwanga. Ndiyo maana juu ya mlango na vioo vya maonyesho utakuta mstari mwingine wa vioo vidogo, ambao leo wengi wanadhani ni pambo. Kazi yake ilikuwa kupeleka mwanga wa juu hadi nyuma ya duka. Mwaka 1897 ikaanzishwa mjini Chicago kampuni ya Luxfer, ikauza vioo vyenye mabonde upande wa ndani vilivyopindisha mwanga na kuurusha mbali zaidi, na kijana mmoja msanifu majengo aitwaye Frank Lloyd Wright, kabla dunia haijamjua, akaichorea nakshi za vioo hivyo. Umeme uliposhuka bei, vioo vikapakwa rangi au kufunikwa kwa mbao, na dari ikashushwa ili kuokoa gharama ya kupasha joto. Dari ya mabati yenye nakshi ipo bado juu, gizani.

Uso wa jengo mara nyingi haukuchongwa na fundi wa mji ule. Kampuni mbili za ukoo wa Mesker, moja St. Louis na nyingine Evansville, Indiana, zilituma katalogi kwa posta. Mwenye duka alichagua nguzo za chuma cha kusubu na mabati yaliyofinyangwa yafanane na mawe, akaagiza, vikaja kwa reli, na fundi wa matofali akavifunga. Inama kwenye kitako cha nguzo karibu na kizingiti na huenda ukalikuta jina la kiwanda limesubiwa humo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana watetezi wa viwanja hivi hupenda kusema kila mji ulikuwa na sura yake ya kipekee kabla ya maduka ya mnyororo, yaani matawi ya kampuni moja kubwa, kuja kuzifananisha zote. Sura hizo zilinunuliwa katalogini tangu mwanzo. Kilichotofautiana ni watu na shughuli zao.

Na biashara hazikuwahi kutulia. Banda la farasi wa kukodi likawa gereji. Ukumbi wa michezo ya kuigiza wa ghorofa ya juu, ambao karibu kila mji mkuu wa kaunti uliuita "opera" hata kama opera yenyewe haikuwahi kuimbwa mle, ukafungwa sinema ilipoingia. Duka la vitambaa likageuka tawi la kampuni kubwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 wenye maduka wadogo waliyachukia matawi hayo hasa, wakashinikiza majimbo yayatoze kodi kadiri yanavyoongezeka, na mwaka 1931 Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali kodi ya aina hiyo ya jimbo la Indiana. Lakini Woolworth, mojawapo ya kampuni hizo za matawi, ilipotangaza mwaka 1997 kwamba inafunga maduka yake zaidi ya 400 yaliyosalia nchini humo, miji ikaomboleza kana kwamba imefiwa na mzaliwa wake. Mvamizi wa babu alikuwa kumbukumbu tamu ya mjukuu. Anayelia leo kwamba duka la vifaa vya ujenzi limegeuka baa ya mvinyo, ajue kilio hiki ni cha zamani, na mara nyingi mliaji alikuwa ameacha kununua pale miaka mingi kabla.

Basi kuhama kwa biashara peke yake hakukuwa msiba. Msiba ulikuja pale sababu zote za kufika uwanjani zilipoondoka ndani ya kizazi kimoja, na hapa inanilazimu kuzungumza kuhusu kodi, mada ambayo wapenzi wa majengo ya kale huikwepa.

Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilibadili sheria ya kodi ya mapato, likamruhusu mwenye jengo jipya la biashara kukata uchakavu, yaani kuitoa gharama ya jengo katika mapato yanayotozwa kodi, kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo. Jengo lililoingiza fedha nzuri likaonekana kwenye karatasi linapata hasara, na hasara hiyo ikapunguza kodi ya mapato yake mengine. Jengo kuukuu halikupewa nafuu ya kiwango hicho. Kwa mwekezaji hesabu ilikuwa nyepesi: nunua shamba kando ya mji, jenga kipya, kata uchakavu, uza, rudia. Miaka miwili baadaye, Juni 1956, ikapitishwa sheria ya barabara kuu za kitaifa iliyolenga mtandao wa maili 41,000. Oktoba mwaka huo huo kikafunguliwa Southdale, huko Edina, Minnesota, kituo cha kwanza cha maduka kilichofunikwa chote na kupozwa au kupashwa joto kwa mashine. Mbunifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alitaka kuwapa watu wa vitongoji mahali pa kukutana kama katikati ya mji wa Ulaya. Uzeeni aliikana kazi iliyozaliwa na wazo lake. Nani angemlaumu; wawekezaji walichukua maduka na maegesho, wakayatupa mengine yote.

Husemwa kwamba magari yaliua viwanja. Magari yalikuwapo tangu miaka ya 1920, na viwanja vilifurika wakati huo, magari yameegeshwa kimshazari pande zote nne za mahakama. Kilichoongezeka miaka ya 1950 ni serikali kulipia barabara ya kutokea na kumpunguzia kodi aliyejenga mwisho wa barabara hiyo.

Uwanjani, wenye majengo walijibu kwa njia mbaya: wakajaribu kufanana na kilichokuwa kinawashinda. Walikwisha kuzoezwa. Sheria ya nyumba ya mwaka 1934 ilikuwa imefungua mikopo iliyodhaminiwa na serikali ya kukarabati majengo, na mwaka 1935 kampuni ya vioo ya Libbey-Owens-Ford ikaandaa shindano la wasanifu la kuzipa barabara kuu za miji sura ya kisasa. Ungetegemea nini tena kutoka kwa muuza vioo? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaja vipande vya alumini vya kufunika ghorofa zote za juu, madirisha na yote, kwa ukuta mmoja uliolala bapa. Kwa bahati njema vilipigiliwa tu juu ya matofali. Miji mingi iliyovibandua miaka 30 au 40 baadaye ilikuta uso wa zamani chini yake, umetobolewa hapa na pale, lakini umesimama. Umaskini uliwasaidia, kwani mji wenye fedha ulibomoa.

Kuna jambo moja lisilopenyezwa kwa urahisi katika simulizi za uwanja uliokuwa moyo wa jamii. Kulazimika kuja mahakamani hakukuwa na uzito ule ule kwa kila mtu. Mweusi wa Kusini alikuja kulipa kodi kama mwingine, akaja kuomba kuandikishwa apige kura na akafukuzwa, akanunua dukani kwa fedha zake na kunyimwa kiti kwenye kaunta ya chakula. Shelbyville yenyewe, mji uliotoa jina la mchoro, uliona mahakama yake ikiteketezwa Desemba 1934 na umati uliotaka kumuua mshitakiwa mweusi; askari wa akiba walimtorosha akiwa amevishwa sare yao, na umati ulipomkosa ukachoma jengo. Mahakama mpya ikajengwa mahali pale pale. Kwenye viwanja vingi ziliwekwa pia sanamu za askari wa Kusini, upande uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, nyingi zikiwekwa miongo kadhaa baada ya vita hivyo kwisha. Ya Denton, Texas, ilisimamishwa mwaka 1918 na kuondolewa Juni 2020. Mwezi huo huo Decatur, Georgia, iliondoa nguzo yake ya mwaka 1908, na Agosti 2024 mahali pake pakawekwa sanamu ya John Lewis, mbunge mweusi aliyepigania haki za raia. Anayetaka kuurudisha uwanja wa zamani aseme kwanza ni wa mwaka gani, na anarudi yeye akiwa nani.

Turudi kwenye Jumanne asubuhi. Pigo la mwisho kwa viwanja vingi limetoka kwa kaunti zenyewe. Mahakama ya mawe ya karne ya 19 ina ngazi nyembamba, haina mlango tofauti wa mahabusu, haina mahali pa mashine ya ukaguzi wala pa nyaya za kompyuta. Kaunti ikikua, makamishna hununua ardhi karibu na barabara kuu na kujenga jengo kubwa la mahakama bega kwa bega na gereza, likizungukwa na maegesho. Hoja zao za usalama ni za kweli, sizibezi. Lakini jaji akihama anaondoka na mawakili, wadhamini wa mahabusu, waandishi wa nyaraka, mashahidi, na wale raia walioitwa kukaa barazani kuamua kesi, ambao saa sita mchana hawana pa kwenda ila mlango wa kwanza unaouza chakula. Mjini Woodstock, Illinois, mahakama ya mwaka 1857 iliachwa na kaunti mwaka 1972. Jengo zuri likabaki likitafutiwa kazi, na kwa miaka likawa na mkahawa na sanaa ukutani.

Mkahawa na sanaa. Ndiyo dawa inayoandikwa kila mahali, na inafanya kazi kwa kiasi. Mwaka 1977 shirika la kitaifa la uhifadhi wa majengo lilianza majaribio katika miji mitatu, Galesburg ya Illinois, Hot Springs ya South Dakota na Madison ya Indiana, likampa kila mmoja meneja wa kudumu wa kushughulikia barabara yake kuu. Mwaka 1980 likaanzisha kituo cha kitaifa cha kueneza mbinu hiyo. Bunge nalo lilikuwa limegeuka: sheria ya kodi ya mwaka 1976 ilifuta faida ya kukata gharama za kubomoa jengo la kihistoria na kuanza kumpa nafuu anayelikarabati. Tangu mwaka 1986 nafuu hiyo ni asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ingawa mabadiliko ya mwaka 2017 yaliitawanya kwa miaka mitano badala ya kuitoa mara moja. Mkono uliosukuma maduka nje mwaka 1954 ulikuwa sasa unalipa yarudi. Lakini yaliyorudi hayakuwa yale.

Granbury, Texas, ni mfano wa mwanzo wa uwanja ulioishi kwa wageni: ukumbi wake wa opera wa mwaka 1886 ulifunguliwa tena mwaka 1975, na maduka ya zawadi na vitu vya kale yakaufuata. Uwanja wa namna hii hujaa Jumamosi. Siku za kazi unaweza kulala barabarani. Mwenye duka la zawadi anaendesha biashara ya siku tatu kwa kodi ya pango ya siku saba, na kila anayefilisika anafuatwa na mwingine mwenye ndoto ile ile na akiba ya kustaafu. Kwa mpita njia, mlango haukai mtupu kamwe, na ofisi ya utalii itakuonyesha takwimu za maduka yaliyofunguliwa. Ni takwimu ya kupokezana hasara.

Oxford, Mississippi, inaonyesha sura nyingine. Mahakama iliyojengwa upya baada ya askari wa Kaskazini kuuchoma mji mwaka 1864 bado iko katikati na bado inatumika. Ukumbi wa mji uko pale pale. Chuo kikuu kiko umbali wa kutembea. Neilson's, duka la nguo lenye asili ya mwaka 1839, lingali uwanjani, na Square Books, lililoanza mwaka 1979, liko tangu mwaka 1986 katika jengo lililokuwa duka la dawa. Duka la vitabu kuchukua nafasi ya duka la dawa ni badiliko lile lile ambalo kwingine lingeitwa dalili ya kifo. Pale limedumu kwa sababu mbele yake wapo watu ambao wangekuwapo hata kama lisingekuwapo: wanafunzi, mawakili, makarani. Denton iko hivyo pia. Ukumbi wake wa opera wa Wright, ulioanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20, sasa umepakwa zambarau na umejaa vitabu na sahani za muziki vilivyotumika, na mji huo una vyuo vikuu viwili. Mahakama yake ya mwaka 1896 siku hizi ni makumbusho na ofisi chache. Waliolazimika kuja mahakamani wamepungua, ila pembeni wapo maelfu wanaolazimika kwenda darasani.

Halafu kuna Bentonville, Arkansas, ambako historia imejifanyia mzaha. Sam Walton alikuwa na duka lililostawi Newport, jimbo hilo hilo. Mkataba wake wa pango haukuwa na kifungu cha kuongeza muda, na mwenye jengo alipoona duka linalipa akakataa kumwongezea. Walton akaja uwanja wa Bentonville mwaka 1950, na safari hii hakufungua kabla ya kupata pango la miaka 99 la kinyozi wa mlango wa pili ili apanue duka. Mwaka 1962 akafungua Wal-Mart ya kwanza, Rogers, jirani kabisa, na aina ile ya duka ndiyo iliyokuja kunyonya wateja wa viwanja vya nchi nzima. Duka lake la uwanjani leo ni sehemu ya makumbusho ya kampuni. Uwanja wa Bentonville umechangamka, lakini umechangamshwa na makao makuu ya kampuni yenye wafanyakazi lukuki na kwa fedha za ukoo wa Walton ulioleta pia jumba la sanaa la Crystal Bridges mwaka 2011. Mameya wanaopelekwa ziara kule wajifunze wanarudi na picha za baiskeli na sanamu. Wangerudi na nakala ya ule mkataba wa pango wangekuwa wamefaidi zaidi, kwani mpangaji anayeuinua uwanja ndiye wa kwanza kupandishiwa kodi ya pango, na mfamasia au fundi viatu hana kifua cha kushindana na baa.

Sasa, je, kaunti zirudishe mahakama katikati? Pale jengo lingalipo na ardhi ya nyuma yake inatosha kujenga nyongeza, ndiyo. Texas tangu mwaka 1999 ina mpango wa jimbo wa kuzisaidia kaunti kukarabati mahakama zao za kihistoria, na ukarabati ulio bora ni ule unaoacha jaji ndani. Lakini sitaki kujidanganya. Kodi ya ardhi inalipwa kwa simu, leseni ya gari inakuja kwa posta, hati za viwanja zinasomwa kwenye skrini. Hata kaunti ikibaki, safari nyingi za lazima zimekufa na hazifufuki.

Ipo safari moja ambayo haijafa, nayo ni ya kurudi nyumbani. Anayeishi ghorofani uwanjani analazimika kuwapo Jumanne asubuhi, anahitaji dawa, balbu na maziwa, hata kama kuna mvua na tamasha limeahirishwa. Na nafasi ya kumweka ipo tayari. Panda juu ya yale maduka ya futi 25. Mara nyingi utakuta orofa nzima tupu, yenye madirisha marefu na sakafu ya mbao nzuri kuliko yoyote inayouzwa leo, na katoni za mapambo ya Krismasi za mwaka usiojulikana. Mawakili na madaktari wa meno waliondoka, vyama vya siri vilivyokutana ghorofa ya tatu vikazeeka, na mwenye jengo akaona kodi ya pango la duka la chini inatosha kulipa bima.

Kwa nini hajengi vyumba? Uvivu upo, lakini kikwazo kikubwa ni ngazi. Miaka ile ya kupanua vioo vya maonyesho, wenye majengo wengi waling'oa ngazi ya mbele ili duka lipate futi nne zaidi. Kuirudisha ni kumnyang'anya mpangaji wa chini upana wake. Sheria za zimamoto hutaka njia ya pili ya kutokea, na jengo lenye kuta za pamoja pande mbili lina nyuma tu pa kuipitisha. Yaje mabomba ya kuzimia moto, tena katika mji ambao bomba la maji la mtaani ni dogo. Lifti, pale inapotakiwa, inaua hesabu ya jengo la upana ule, kwa hiyo majirani wawili watatu wangefaa kushirikiana ngazi na lifti moja kwa kutoboa ukuta wa pamoja, jambo linalowezekana kihandisi na gumu mno kimkataba, hasa jirani mmoja akiwa ni warithi saba wasiosalimiana.

Ile nafuu ya asilimia 20 inasaidia, lakini ina sharti lake: gharama za ukarabati lazima zizidi thamani ya jengo lenyewe katika vitabu vya kodi, ukitoa ardhi. Aliyelimiliki jengo miaka mingi hadi likaisha kukatwa uchakavu analivuka sharti hilo bila jasho. Kijana aliyelinunua majuzi kwa bei ya sasa, anayetaka kutengeneza vyumba viwili tu juu, huenda asilivuke.

Halmashauri zenye fedha kidogo huzimalizia chini: mabenchi, vyungu vya maua, matofali ya njia, bendera kwenye nguzo za taa. Vinapendeza, na vinaonekana kabla ya uchaguzi. Fedha hizo hizo mimi ningezipeleka kwenye bomba kubwa la maji chini ya barabara na ngazi ya pamoja nyuma ya kila safu ya majengo, halafu ningemtoza mwenye orofa tupu ada ya kila mwaka inayopanda hadi aipangishe au aiuze.